Somo la Shambani: Kuotesha Mstafeli kwa Mbegu

Katika kupita kwangu huku Fukayosi nimeulizwa habari za mstafeli kuliko habari za mti wo wote mwingine. Nimeona yafaa niandike jibu langu mara moja, ili kila mtu alisome kwa nafasi yake, na mwenye kutaka kujaribu apate njia.

Jambo lilianza hivi. Bibi mmoja mzee, mjane, ana mstafeli nyuma ya nyumba yake. Mti huo ulipandwa na marehemu mumewe, nao ulikuwa ukimpa matunda ya kuuza barabarani na ya kuwapa wajukuu. Siku moja nilikwenda kumwamkia, nikaukuta mti u uchi. Matawi yalisimama kama fito za nyumba isiyoezekwa. Majani yaliyosalia yalikuwa machache, juu kabisa, mahali mkono usipofika. Baada ya salamu nikamwuliza, "Bibi, mti huu umepatwa na nini? Nzige wamepita?"

Akajibu, "Si nzige, mwanangu, ni watu. Wanatoka Bagamoyo, wengine Dar es Salaam, wanataka majani. Wanasema ni dawa ya saratani. Wa kwanza nilimpa kwa huruma. Wa pili akanitilia shilingi mkononi. Tangu hapo sikuweza kuwazuia, wengine huja nikiwa kondeni. Sasa ni mwaka wa pili mti haujazaa. Nataka kupanda mwingine, lakini mbegu nilizozitia ardhini hazikuota hata moja. Wewe umesoma, nifundishe."

Basi maswali yake yalikuwa mawili: mbegu yaoteshwaje, na majani yana faida gani. Nitaanza na la kwanza, maana ndilo lenye kazi nyingi. La pili nitalijibu mahali pake, wala sitalikwepa.

Mstafeli si mti wa kwetu. Asili yake ni nchi za joto za Amerika na visiwa vya bahari ya Karibi. Mhispania mmoja, Oviedo, aliandika habari zake mwaka 1526, akasema kwamba umejaa katika visiwa hivyo. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, akaupa jina la kitaalamu Annona muricata. Neno hilo la pili maana yake ni wenye vijimiba, na kila aliyelibeba stafeli kifuani ajua kwa nini. Ulikuwa miongoni mwa miti ya kwanza ya matunda iliyovushwa bahari kutoka Amerika kuja nchi za joto za upande huu wa dunia. Jina letu lafanana na neno sitaphal la Wahindi. Walakini wao kwa jina hilo hutaja mtopetope, ambao ni ndugu yake mstafeli, wenye matunda madogo ya mviringo. Msiichanganye miti hii miwili mnapotafuta mbegu. Mtopetope huvumilia ukame kuliko mstafeli, na atakayeutunza mstafeli kama mtopetope ataupoteza katika kiangazi cha kwanza.

Wako watu wasemao kwamba mti mgeni hauna haja nasi. Lakini mananasi ya Kiwangwa yajazayo malori, na mikorosho, na mipapai, na mihogo tulayo kila siku, vyote asili yake ni Amerika. Mgeni akikaa vizazi vichache, watu husahau kwamba alikuja.

Sasa tuitazame mbegu. Nilimwomba bibi anieleze alivyofanya, naye akaeleza bila kuficha. Alizitoa mbegu katika tunda lililoanguka, akazianika juani katika ungo siku nyingi kama aanikavyo mahindi, kisha akazifunga katika kitambaa na kuzitundika jikoni juu ya moshi, akingoja masika. Mvua iliponyesha akachimba, akazitia kwa kina cha kiganja, akafukia. Kwa mahindi hiyo ni akili njema. Kwa mstafeli sivyo. Mbegu yake ina ganda jeusi, gumu, lililong'aa. Nayo ikikaushwa mno na kukaa muda mrefu, nguvu zake hupungua na kuota kwake huchelewa, hata wadudu wa ardhini huimaliza kabla haijachipua. Mbegu iliyo bora ni ile mbichi, iliyotolewa katika tunda lililoiva juma hili.

Chagua kwanza mama. Usichukue mbegu ya tunda lo lote kwa kuwa limekuja mkononi. Tafuta mti uzaao sana, wenye matunda yaliyonyoka, yenye nyama nyingi na nyuzi chache, yasiyo makali mno kwa uchachu. Maana hitilafu kati ya mstafeli na mstafeli ni kubwa. Hata hivyo, mjue kwamba mbegu ni mtoto wa wazazi wawili. Mama mwamwona, baba hamumjui. Miche kumi kutoka tunda moja haitafanana yote. Atakaye mti ule ule hasa, sharti abebeshe: achukue kikonyo cha mti mwema akiunge juu ya mche uliooteshwa kwa mbegu, mche ukiwa na unene wa penseli. Hiyo ni kazi ya kujifunza kwa kutazama mwenye kuijua, si ya kusoma gazetini, nami naiacha. Kwa matumizi ya nyumbani mbegu yatosha.

Tunda moja kubwa huweza kuwa na mbegu 200 au zaidi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuona choyo. Zioshe nyama yote itoke. Zitie katika bakuli la maji. Zielezo juu zitupe, maana nyingi ni tupu ndani. Zilizozama ziache zilowe mchana na usiku mmoja. Usizipasue kwa nyundo wala kwa meno. Mbegu hizi zina sumu. Tangu zamani watu husaga unga wake kuua wadudu, na unga huo ukiingia machoni hudhuru vibaya. Nawe mikono, watoto wasizichezee.

Uchukue udongo wa juu ulio mweusi sehemu mbili, samadi iliyooza vema sehemu moja, na mchanga sehemu moja. Samadi mbichi huunguza mizizi. Jaza viriba, au makopo yaliyotobolewa chini, maana maji yasiyopata njia ya kutoka huozesha. Katika kila kiriba laza mbegu mbili, kwa kina cha sentimeta 2, yaani kama upana wa kidole gumba. Viweke chini ya kivuli cha makuti, si kivuli cheusi cha ndani ya nyumba. Nyunyizia maji kila asubuhi, udongo uwe na unyevu lakini usiwe tope.

Kisha ungoje. Mbegu nzuri huota kati ya siku 15 na siku 30, na nyingine hukawia zaidi. Hapa ndipo wengi hushindwa. Nilipojaribu mara ya kwanza niliwapa watoto wa shule ya Jumapili kazi ya kumwagilia, nao kila siku baada ya kumwagilia walifukua kidogo ili waone kama imeota. Hawakuona kitu, maana kile walichokuwa wakikitafuta walikivunja wenyewe siku ya kumi na mbili. Mwaka uliofuata nikafunika viriba kwa nyasi nyembamba, nikawaambia mbegu zimelala. Tukapata miche mingi. Mche ukitokeza, mara nyingi hubeba ganda la mbegu kichwani kama kofia. Usilivue kwa vidole, litaanguka. Ikiwa mbegu zote mbili zimeota, ule dhaifu ukate kwa mkasi kwenye usawa wa udongo, usiung'oe, usije ukang'oa na mwenzake. Mche ukipata majani kadha wa kadha, punguza makuti kidogo kidogo hata uzoee jua lote.

Wakati wa kusia wafaa uhesabiwe kwa kurudi nyuma. Mche unaopelekwa shambani uwe na kimo cha sentimeta 30 au zaidi, nao upandwe mvua za masika zinapoanza, yaani mwezi wa Machi katika miaka mingi ya kwetu. Basi anayesia mwezi wa Agosti au Septemba ana miezi sita ya kuukuza mche kitaluni kwa ndoo ya maji tu. Anayesia katika masika yenyewe atakuwa na mche mdogo wakati kiangazi kinapofika, akaupoteza, ama itambidi aukawize kitaluni.

Mahali pa kuupanda patazamwe kwa makini. Mizizi ya mstafeli haiendi chini sana. Imetandaa karibu na juu. Kwa sababu hiyo hauwezi kusimama katika maji, wala hauwezi kuvumilia udongo ulioachwa wazi kwa jua. Katika mabonde yetu yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambako maji hutuama masika yote, msiupande. Katika vilima vya mchanga utakua, mradi utiwe samadi na kufunikwa. Mahali palipo bora ni karibu na nyumba, penye kukingwa upepo, na pasipo mbali na maji.

Chimba shimo la sentimeta 60 kila upande, udongo wa juu ukae upande wake na wa chini upande wake. Changanya ule wa juu na debe la samadi iliyooza, ujaze, na uache siku chache utulie. Kisha ondoa kiriba chote, usivunje donge la udongo, upande mche usawa ule ule uliokuwa nao kitaluni. Mti na mti uachane meta 4 au 5. Tandaza nyasi kavu kuzunguka, lakini zisiguse shina. Uweke wigo wa miiba, kwa kuwa mbuzi hawana habari ya shida yako. Na kiangazi cha kwanza, tangu Juni hata mvua za vuli, ndicho kiuacho. Mwagilia mara mbili kwa juma, maji mengi kwa wakati mmoja, si kulowesha vumbi kila jioni. Atakayeivusha miche yake kiangazi hicho amekwisha kufanya sehemu iliyo ngumu.

Neno moja zaidi juu ya shamba lisilo lako. Katika desturi ya pwani, aliyeazimwa ardhi hupanda mahindi na kunde, lakini mti wa kudumu ni dai. Ukipanda mti katika shamba la kuazima bila ruhusa, mwenyewe atadhani wataka kumnyang'anya, na ugomvi huo hufika kwa watoto. Mwombe kwanza, mbele ya mashahidi. Na wainjilisti mnaokaa katika nyumba za usharika, mwulize baraza la wazee kabla hamjapanda, ili atakayekuja baada yenu asikute kesi katika mti.

Mti wa mbegu huanza kuzaa baada ya miaka 3 hata 5. Na hapa yaja malalamiko ambayo nimeyasikia katika kila mtaa: "Mstafeli wangu wachanua sana, lakini matunda mawili tu, tena yamepinda." Wengine husema mti ni dume, wakaukata. Msiukate. Hakuna mstafeli dume. Huenda mnakumbuka habari za mpapai, ambao kweli uko wa kiume na wa kike. Mstafeli sivyo ulivyo.

Ua la mstafeli ni nene, la rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, lenye umbo la pembe tatu, nalo hutoka hata juu ya shina na matawi manene. Lifungueni moja mtazame. Katikati iko sehemu ya kike; kuizunguka viko vijiti vifupi vingi vya kiume, ambavyo hutoa unga uitwao chavua. Mtasema: mume na mke wakaa katika chumba kimoja, basi shida iko wapi? Shida ni kwamba hawaamki wakati mmoja. Sehemu ya kike huwa tayari kwanza, ua likiwa limefumbuka kidogo tu. Wakati huo inang'aa na kunata. Unga wa kiume unapoanza kutoka, ile ya kike imekwisha kukauka. Kwa hiyo unga sharti utoke katika ua moja, uletwe katika ua jingine lililo nyuma yake kwa umri. Katika nchi za asili yake kazi hiyo hufanywa na mbawakawa, ambao huvutwa na harufu ya ua, wakaingia ndani, wakatoka na unga mwilini. Mti ulivuka bahari, wale mbawakawa wa kwao hawakuvuka nao. Nyuki nao hawasaidii sana, maana ua ni zito na mlango wake ni mwembamba.

Basi fanyeni kazi ya mbawakawa ninyi wenyewe. Asubuhi na mapema, kabla ya jua kuwa kali, tafuta ua lililofunguka kabisa, ambalo vijiti vyake vyaanguka ukiligusa. Lipige-pige juu ya kikombe kikavu, unga ukusanyike. Kisha twaa brashi laini ya mchoraji, au unyoya safi wa kuku, uichovye katika unga. Tafuta ua linaloanza tu kufumbuka. Litanue kwa vidole polepole, ukazungushe brashi juu ya sehemu ya kike, pande zote. Nasema pande zote, kwa sababu stafeli si tunda moja. Ni vitunda vingi vilivyoungana chini ya ngozi moja, na kila kimoja chahitaji unga wake. Kilichopata hujaa, kilichokosa hubaki kidogo. Hiyo ndiyo asili ya matunda kupinda: upande ulionenepa ulipata, upande uliobonyea haukupata. Niliwaonyesha vijana wawili wa hapa jambo hili kwa kukata tunda lililopinda. Tulihesabu mbegu, na karibu zote zilikuwa upande mmoja. Tangu siku hiyo hawakuniuliza tena kwa nini lazima kuzungusha.

Msiyapake maua yote. Chagueni yale yaliyo katika shina na matawi manene, yenye uwezo wa kubeba, kwa maana stafeli moja huweza kupita kilo 4. Mti ulioachwa peke yake mara nyingi hutoa dazani moja au mbili tu kwa mwaka, kwa hiyo kila tunda lina thamani yake.

Adui za tunda ni wawili wanaonisumbua. Wa kwanza ni wadudu weupe kama vipande vya pamba, ambao hunyonya penye vikonyo, na sisimizi huwalinda kwa ajili ya utomvu wao mtamu. Wasugue kwa kitambaa na maji ya sabuni, na uzuie sisimizi wasipande. Wa pili ni inzi wa matunda kutoka Asia, ambaye katika Afrika alitambuliwa kwanza Kenya mwaka 2003, naye sasa yuko kila mahali na huharibu maembe yetu pia. Hutaga mayai ndani ya tunda, na ukilipasua wakuta funza. Funika tunda changa kwa mfuko wa karatasi au wa kitambaa chepesi, ufunge juu. Yaliyooza usiyaache chini ya mti. Yazike kwa kina au uyafunge katika mfuko mzito juani.

Tunda lililokomaa hupoteza kijani chake cha kung'aa, likafifia kuelekea manjano, na vijimiba vyake huachana na kulainika. Lichume likingali gumu kidogo, likae ndani siku 4 au 5 hata liitikie kidole. Likiachwa kuivia mtini litaanguka na kupasuka. Unapofanya maji ya stafeli, toa mbegu zote kwa mkono kwanza, ndipo usage au uchuje. Usizitie mbegu katika mashine ya kusagia pamoja na nyama, kwa sababu ya sumu niliyoitaja.

Sasa narudi kwenye majani, na swali la pili la bibi. Jani ndilo jiko la mti. Humo mti hupika chakula chake kwa nguvu ya jua. Ukiung'oa majani yote kila mwezi, waufunga jiko, kisha washangaa kwamba hauzai. Mti wa bibi haukuwa na ugonjwa; ulikuwa na njaa.

Lakini najua kwamba mtu mwenye mgonjwa nyumbani hatajali njaa ya mti. Basi na tuseme kweli juu ya dawa yenyewe. Wataalamu wametoa katika majani na mbegu za mstafeli vitu vyenye nguvu, kimojawapo kiitwacho annonasini, navyo katika vichupa vya maabara vimeua chembe za saratani. Hapo ndipo habari ilipotoka, wala si uongo. Walakini chembe iliyo katika kichupa si mtu. Hata maji ya klorini yakimiminwa katika kichupa yataziua chembe hizo, wala hakuna atakayemnywesha mgonjwa. Hata leo hakuna majaribio juu ya wagonjwa yaliyothibitisha kwamba majani ya mstafeli huponya saratani.

Tena liko jambo la kutia hofu. Katika kisiwa cha Guadeloupe, huko huko Karibi unakotoka mti huu, mwaka 1999 madaktari walitangaza kwamba wamekuta wagonjwa wengi kupita kawaida wenye mwili kukakamaa na kuanguka ovyo, ugonjwa unaofanana na ule wa Parkinson lakini usiosikia dawa zake. Wengi wao walikuwa na mazoea ya miaka mingi ya kula matunda ya jamii ya stafeli na kunywa maji ya majani yake. Baadaye annonasini ilipotiwa katika miili ya panya, ilidhuru ubongo wao. Jambo hili kwa binadamu ni shaka yenye nguvu, si hukumu iliyokwisha kukatwa. Anayekula stafeli mara moja moja katika msimu wake, sioni sababu ya kumtisha. Bali kunywa maji ya majani asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi, ni jambo jingine kabisa.

Nami nina sababu ya kuandika haya kwa kirefu. Mama mmoja wa usharika niliowahi kuutumikia alipata uvimbe katika titi, mdogo kama punje ya kunde. Mumewe alimpenda sana. Alisafiri mbali kumtafutia majani ya stafeli, akayachemsha kwa mikono yake mwenyewe, miezi minane. Katika miezi hiyo uvimbe ulikua. Walipofika hospitali waliambiwa kwamba wangalikuja mapema, ungalikatwa. Nilimzika mwaka ule ule. Yule bwana aliniuliza kando ya kaburi kama ni yeye aliyemwua. Nikamwambia la, kwa kuwa alifanya alilolijua. Lakini nilirudi nyumbani nikijiuliza mimi nami nilikuwa wapi miezi minane, niliyekuwa nikipita kwao na kuona sufuria jikoni, nisiulize.

Kwa hiyo, waalimu na wainjilisti, mkiona sufuria hiyo, ulizeni. Wala msimdhihaki mtu, wala msimnyang'anye. Mwambieni tu kwamba uvimbe katika titi, au damu itokayo kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, au kidonda kisichopona, haningoji majani. Saratani ya mlango wa kizazi na ya titi ndizo zinazowapata wanawake wengi zaidi katika nchi yetu, na wengi hufika wakiwa wamechelewa, ingawa zote mbili zikigunduliwa mapema zaweza kutibiwa. Aanze hospitali ya wilaya Bagamoyo apate barua. Kutoka huko atapelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Wasomaji wa kaskazini wanayo KCMC pale Moshi, na wa kanda ya ziwa wana Bugando, Mwanza. Na ikiwa mgonjwa amekwisha kunywa majani, amwambie daktari waziwazi, asifiche kwa haya, kwa sababu vitu hivi huweza kugongana na dawa za hospitali.

Yule bibi nilimweleza yote haya tukiwa tumekaa juu ya mkeka wake. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Basi wakija tena niwaambie nini?" Nikamwambia awaambie kwamba mti wapumzika, na awaelekeze kwangu. Wamekwisha kuja wanne. Wawili niliwapeleka Bagamoyo mwenyewe.

Mwezi wa Septemba tulisia pamoja mbegu za stafeli moja niliyoinunua sokoni Bagamoyo, na zaidi ya nusu zimeota. Bibi amezipanga chini ya makuti, upande wa jikoni, amezizungushia miiba ya mchongoma. Mti wa zamani nao umeanza kutoa majani mapya tangu mvua za vuli, na juu ya tawi moja nene nimeona vifumba vitatu vya maua. Brashi nimemwachia. Miche iliyozidi iko kwangu kwa atakayeitaka kabla ya masika. Aje na kikapu, na shimo lake awe amekwisha kulichimba.